Saiba ya nyuma ya Ngome, Lamu: ripoti yangu ya Kiingereza imenyooka

Jamani nimetoka pale saiba ya nyuma ya Ngome wanaponyoosha ripoti za Kiingereza, nimeridhika mno. Kikundi chetu cha mikoko tulilenga miche 60 kwa kila 100 ishike, ikashika 72 mashaallah, mie kwa furaha nikaandika "the results were very very good beyond imagination". Yule dada wa pale saiba akasoma polepole akaniuliza, kaka, mlitarajia ngapi, mkapata ngapi? Akafuta yote akaweka "Survival reached 72%, exceeding the target of 60%", basi, mfadhili anaona lengo na matokeo kwa mstari mmoja.

Tena nilitaka kuandika tumezidi kwa 12% akanikataza, kutoka 60% hadi 72% ni "12 percentage points", ukiandika "percent" peke yake inakuwa 20 maana 12 ni moja ya tano ya 60. Miaka yote hii naandika ripoti hakuna aliyewahi kuniambia! Na "better than expected" si kosa, ila lazima useme mlitarajia nini. Printa yao inasuasua, nilingoja sana, lakini ripoti ya mwaka ntaipeleka palepale.