Kahawia isiyochuja: albamu ya The Band ya 1969 kwa masikio ya Mombasa

Albamu ya pili ya The Band ilitolewa na kampuni ya Capitol mwezi Septemba 1969, na haina jina ila jina la kundi lenyewe. Wapenzi wake huiita albamu ya kahawia kwa ajili ya rangi ya jalada. Ina nyimbo 12, dakika zipatazo 44. Mpenzi wa Don Williams na Kenny Rogers, na Kenya wamejaa tele, huenda akadhani anaijua kabla ya kuisikia. Haijui. Hii ni kantri iliyokorogwa na bluzi, nyimbo za kanisani, matarumbeta ya mtaani na roki, na waliokoroga ni Wakanada wanne na Mmarekani mmoja, mpiga dramu Levon Helm wa Arkansas.

Kinachoifanya isichuje ni nafasi iliyoachwa kati ya chombo na chombo. Hakuna anayemkanyaga mwenzake. Robbie Robertson, ambaye jina lake limo katika utunzi wa kila wimbo, alikuwa na vidole vya kukimbiza gitaa apendavyo, lakini humu hupiga noti tatu nne, akanyamaza. Waimbaji ni watatu: Helm, Rick Danko na Richard Manuel. Sauti zao hazikulainishwa zikawa moja kama kwaya iliyofunzwa. Kila mmoja anaingia kwa wakati wake na kwa koo lake. Aliyelelewa na taarab hahitaji kuelezwa sana. Fidla inasema, kodiani inajibu, na mwimbaji akifungua kinywa wote wanashuka. Ndiyo adabu hiyo hiyo.

Tena walibadilishana vyombo. Sikiliza Rag Mama Rag: Danko ameliacha gitaa la besi akashika fidla, Helm ametoka kwenye dramu akachukua mandolini, Manuel ndiye anayepiga dramu, na Garth Hudson anatambaa juu ya piano. Besi basi iko wapi? Ni tuba, tarumbeta kubwa la sauti nzito, inayopulizwa na mtayarishaji wao, John Simon. Pwani, ambako beni ilichezwa miaka mingi kabla ya gitaa la umeme kufika, mlio huo si mgeni. Ila tuba ni pumzi, si uzi, kwa hiyo wufa iliyofunguliwa mpaka mwisho huigeuza ngurumo tupu, na mchezo wote wa wimbo ukapotea.

Up on Cripple Creek una hila nyingine. Ule mlio wa "wau-wau" wenye mnato ni wa klavineti, kinanda cha umeme chenye nyuzi ndani, ambacho Hudson alikipitisha kwenye pedali ya gitaa. Pedali inafungua na kufunga sauti kama mtu anayepanua na kufumba mdomo. Mwenye sikio la tashkota, kile chombo cha nyuzi na vibonye cha taarab ya Mombasa, ataupenda mara moja, maana ukali wa uzi ni ule ule.

Rockin' Chair hauna dramu hata kidogo. Mandolini, kodiani, gitaa kavu na besi, basi. Anayesema ni baharia anayekaribia miaka 73, amechoka na matanga, anamwomba rafiki yake warudi nyumbani wakae kwenye viti vya kubembea. Mji wenye mabaharia wastaafu katika kila mtaa hauwezi kuupita wimbo huu bila kugeuza shingo. Whispering Pines, wa Manuel na Robertson, ni wa polepole na wa upweke. Uusikie usiku, feni ikiwa imezimwa, la sivyo utakosa nusu yake.

Wimbo wa kufungia, King Harvest, ndio bora kuliko yote. Kawaida ubeti husemwa kwa utulivu na kiitikio kikapandishwa juu. Hapa wamepindua: ubeti una jasho na haraka, kiitikio kinashuka mpaka karibu na mnong'ono. Dramu ya Helm imelegezwa na kuzibwa, kwa hiyo inatoa kishindo kifupi kama ngumi juu ya meza. Anayesema ni mkulima ambaye mvua imemkimbia, ghala limeungua na farasi ameingia wazimu, naye sasa ametia tumaini lake lote kwenye chama cha wafanyakazi. Uzuri ni kwamba wimbo haukuambii kama chama kitamfaa. Katika bandari iliyosimama kwa mgomo mkuu wa Januari 1947, shaka hiyo inaeleweka bila tafsiri. Kisha gitaa la Robertson linaufunga wimbo kwa noti za kubana, kama mtu anayesema kwa meno yaliyoumana.

Kasoro zipo. Jawbone hubadilisha mwendo wa mapigo mara kwa mara, na mara ya kwanza utadhani sindano imeruka. Haikuruka. Jemima Surrender ni wa kawaida tu. Look Out Cleveland unachangamsha, kisha unasahaulika. Lililo zito zaidi ni The Night They Drove Old Dixie Down. Unaimbwa kwa sauti ya Mzungu maskini wa Kusini mwa Marekani anayelilia kushindwa kwa Kusini katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe mwaka 1865, na Helm anauimba vizuri kiasi cha kukutoa machozi. Lakini waliokuwa watumwa katika nchi hiyo hawatajwi hata kwa neno moja. Kwa msikilizaji anayepita Kengeleni, pale kengele ya Frere Town ilipolia kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani, kimya hicho kinasikika kuliko matarumbeta. Uusikilize kama kilio cha mtu mmoja aliyefiwa na nduguye. Historia ya vita ile usiitafute humo.

Sehemu kubwa ya albamu haikurekodiwa studio. Mwanzoni mwa 1969 walikodi nyumba ya mwimbaji Sammy Davis Jr. kwenye vilima vya Hollywood, wakageuza kibanda cha bwawa la kuogelea kuwa chumba cha kurekodia. Ule ukavu wa sauti, kama watu waliokaa duara moja sebuleni, unatoka huko.

Sasa ununue ipi? Kuna toleo la CD la 2000, lenye uchanganyaji wa awali na vipande vya ziada, pamoja na Get Up Jake uliokuwa umeachwa nje. Kuna la 2019, la kuadhimisha miaka 50, lililochanganywa upya na fundi wa sauti Bob Clearmountain na kuongezewa walivyopiga kwenye tamasha la Woodstock. La 2019 ni safi zaidi, kila chombo unakiona. Kwa maoni yetu usafi huo umekula joto kidogo. Ukiwa unanunua moja tu, chukua la 2000. La 2019 liwe la pili, kwa ajili ya Woodstock. Anayetafuta santuri ya toleo la kwanza la Marekani, namba yake ni STAO-132, na aangalie karibu na lebo, kwenye duara lisilo na mifereji: herufi RL zilizokwaruzwa ni alama ya fundi wa sauti Robert Ludwig, na wakusanyaji huzigombea kwa sababu besi yake imeshiba.

Kwa wa simu: kwa ubora wa kbps 320 albamu nzima hula takriban MB 105 za bando, kwa hiyo ipakue mara moja badala ya kuichezesha mtandaoni kila siku. Zima kitufe cha kuongeza besi. Usichanganye mpangilio, nyimbo sita za kwanza ni upande mmoja, na baada ya Whispering Pines pana nafasi ya kikombe cha kahawa tungu.

Kwa wa santuri, tahadhari ya kwanza ni mashine iliyoletwa na jamaa kutoka Marekani. Kule umeme ni volti 120 na hezi 60. Kwetu ni volti 240 na hezi 50. Transfoma hushusha volti, hezi haizigusi. Mashine yenye mota inayofuata hezi za umeme itazunguka kwa kasi ya tano juu ya sita: badala ya mizunguko 33 na kidogo kwa dakika, utapata kama 28. Pima kwa saa ya simu. Up on Cripple Creek huchukua dakika 4 na nusu. Ikikaribia 5 na nusu, na Helm akasikika kama mtu aliyeamshwa usingizini, basi ndilo tatizo. Dawa ni kubadilisha puli ya mota iwekwe ya hezi 50. Mashine za mota ya DC, isiyofuata hezi za umeme, hazina shida hii, mradi upate adapta ya volti zake.

Tahadhari ya pili ni unyevu wa pwani. Ukungu huota kwenye mifereji kama vumbi jeupe na hutoa mlio wa karanga zinazokaangwa. Usioshe kwa maji ya kisima: chumvi yake hubaki mferejini ikikauka, na sindano ikaisaga. Nunua maji ya betri kwenye kituo cha mafuta, yaani maji yaliyokenekwa, na usome chupa vizuri maana tindikali nayo huuzwa papo hapo. Lita moja, matone mawili ya sabuni ya vyombo, kitambaa laini kisichotoa nyuzi. Pangusa kwa kufuata mzunguko wa mifereji, usikate katikati, na lebo usiilowanishe. Suuza kwa maji yale yale bila sabuni. Ikauke kivulini, kamwe si ndani ya gari lililoachwa juani, maana itajipinda kama chapati. Bahasha ya karatasi ya zamani itupe, ndiyo iliyobeba ukungu. Tia mpya ya plastiki laini, kisha isimamishe wima mahali penye hewa, mbali na ukuta unaopigwa na kusi.