Amplifaya ya valvu sebuleni kwangu Bombo: miezi minane baadaye

Niliinunua kwa shilingi 900,000, imetumika, kwa jamaa aliyekuwa anahama Kampala. Ni ndogo: kila upande una valvu (kichupa cha kioo kinachokuza sauti) moja ya EL84 inayosukuma spika, na mbele yake ECC83 moja, valvu ndogo inayohudumia pande zote mbili. Wati 5 hivi kwa kila spika. Pembeni yake ninayo mashine yangu ya transista ya wati 50, iliyokwisha kupiga harusi na matanga mengi kuliko ninavyoweza kuhesabu.

Kabla ya kuiwasha niliipeleka kwa fundi mmoja mzee kule Katwe aikague. Akaifungua, akanionyesha kapasita kubwa: "Mwanangu, hizi hushika umeme hata ukishazima, usitie kidole. Na usiipigie muziki bila spika, utachoma transfoma ya kutolea sauti." La pili sikulijua kabisa, kwa sababu ya transista unaweza kuiacha bila spika siku nzima isidhurike. Yenyewe inachoogopa ni waya mbili za spika kugusana.

Usiku wa kwanza nilirogwa. Sauti ya mwimbaji ilikuwa kama imesogea mbele, gitaa la rumba linang'aa. Kesho yake nikagundua kwamba kitasa cha sauti cha hii ya valvu kinapanda haraka, kwa hiyo nilikuwa naisikiliza juu kidogo kuliko ile nyingine. Sikio likipewa sauti ya juu kidogo, huiita nzuri.

Basi nikafanya kwa haki. Nilipiga mlio mmoja wa hezi 1,000, nikapima kwenye waya za spika, nikaziweka zote mbili volti 1. Kwa spika za omu 8 hiyo ni moja ya nane ya wati tu, na sebule ilikuwa imejaa tayari! Nikatundika kitenge mbele ya meza, shemeji yangu akakaa kwenye kochi, mimi nyuma nahamisha waya (nikizima sauti kwanza kila mara). Kazi yake ilikuwa kusema ipi inapiga. Raundi kumi za taarabu, sauti ya mwanamke na kinanda: alipatia tano. Sawa na kurusha sarafu. Raundi kumi za rumba yenye besi nzito: tisa.

"Hii besi yake inalegea," alisema, bila kujua anasema nini kuhusu pesa zangu.

Ni kweli inalegea. Transista inaibana koni ya spika, noti ikiisha koni inasimama. Valvu inapitia transfoma, mkono wake si mzito, koni inaendelea kuyumba kidogo. Kwenye ngoma za harusi ni uji.

Ila ukiongeza sauti mambo yanageuka. Transista ikiishiwa wati hukata vichwa vya mawimbi kama kwa panga, unasikia ukwaruzo. Valvu huviviringa, halafu huongeza sauti hafifu ya oktava ya juu ya noti ileile, na sikio huupokea kama utamu. Nadhani huo ndio "ujoto" unaosifiwa. Ni kasoro, lakini kasoro tamu. Tatizo ni kwamba kwa spika zangu za desibeli 87 (kipimo cha sauti zinayotoa kwa wati moja, ukiwa mita moja), wati 5 zinafika ukingoni mapema, na wati 50 ni desibeli 10 tu zaidi. Mwenye spika za desibeli 95 atakuwa na maisha tofauti na yangu.

Gharama nyingine: inakula wati zaidi ya 60 hata muziki ukiwa kimya, na Yaka yangu, mita ya umeme wa kulipia kabla, inajua. Umeme ukiyumba jioni napitisha kwenye stabilaiza. Mwezi wa Februari, kwa joto lile, mama watoto aliihamishia dirishani bila kuniuliza.

Kama una spika za kawaida na pesa ya mashine moja, nunua transista, zinazobaki weka kwenye spika. Mimi hii siiuzi. Saa nne usiku watoto wamelala, naipigia taarabu kwa sauti ya chini, taa ya sebule nimezima, vile vichupa vinawaka rangi ya chungwa. Najua shemeji angeshindwa kutofautisha. Nimekwisha kuagiza EL84 mbili za akiba. Nimezifunga kwenye soksi, ziko juu ya kabati.