Maziwa gani ununue Dar, tumbo likiwa ndilo mwamuzi

Hapa Dar kila mtu na maziwa yake. Mmoja hanywi mpaka dumu lije na bodaboda, mwingine hataki kusikia kitu nje ya boksi. Mimi nimeyapanga kwa namna protini yake inavyosagwa tumboni.

Namba moja ni mtindi, tena usio na sukari. Karibu asilimia 80 ya protini ya maziwa ya ng'ombe ni kesini, ambayo ikikutana na asidi ya tumbo huganda mabonge na kusagwa polepole. Kwenye mtindi bakteria wameshaianza kazi: kesini imeganda tayari, sehemu yake imekatwakatwa. Sukari ya maziwa nayo imepungua, ndiyo maana wengi wanaojaa gesi wakinywa maziwa, mtindi wanauweza. Yale majimaji ya kijanikijani yanayoelea juu usiyamwage, yana protini. Koroga unywe.

Pili, maziwa freshi ya paketi. Kiwandani hupashwa nyuzi 72 hivi kwa sekunde 15, na protini inabaki karibu ilivyokuwa. Tatizo ni friji. Umeme ukikatika usiku kucha, asubuhi unamwaga.

Kama huna friji, ruka uende boksi. Watu husema maziwa ya boksi "yamekufa" kwa kuwa hupashwa nyuzi 135 na zaidi, ingawa kwa sekunde chache tu. Wanachosahau ni kwamba joto hilo hufumua zile protini nyingine za maziwa, za majimaji kama yale ya juu ya mtindi, zikajishika na kesini, na bonge linaloganda tumboni likawa laini, rahisi kusagika. Kwa hiyo usiyadharau.

Maziwa ya dumu nimeyaweka nne, si kwa ajili ya protini. Mwezi uliopita nilinunua lita mbili Tandika, yakakatika mara tu yalipopata moto. Yalishaanza kuchacha kabla sijayalipia. Nunua alfajiri, na uyachemshe bila mjadala, maana mabichi huweza kubeba TB na brusela (homa itokayo kwa mifugo). Utando wa juu ni protini na mafuta. Nyumbani tunaugombania.

Mwisho, maziwa ya unga. Yakikaa sana kwenye joto, sukari yake huishika laisini, kipande muhimu cha protini, na mwili haukipati. Duka la bati linalopigwa jua mchana kutwa, usinunulie humo. Fungua kopo: unga ukiwa umeanza rangi ya kahawia, rudisha.