Tom na Jerry bila makasi: mkusanyiko uliopendwa na mwendelezo uliokataliwa

Wapenzi wa katuni za zamani ni wateja wagumu kuridhika, na hawaoni haya kusema wanapochukizwa. Mkusanyiko uitwao Tom and Jerry Golden Collection: Volume One, uliotolewa na Warner Home Video mwezi Oktoba 2011 katika DVD na Blu-ray, ulipokewa na watu hao kwa furaha isiyo ya kawaida, na kabla ya miaka miwili kwisha ni wao hao waliousakama mwendelezo wake hata usifike madukani. Tathmini hii inalihusu hasa juzuu hilo la kwanza, ambalo kwa maoni yangu bado linastahili sifa lilizopewa. Hata hivyo, si rahisi kulipima bila kueleza kilichowafanya mashabiki walipende kiasi hicho, kwa kuwa kilichowafurahisha mwaka 2011 ndicho walichonyimwa baadaye.

Ndani ya kisanduku mna filamu fupi 37, kuanzia Puss Gets the Boot ya mwaka 1940 hadi Professor Tom ya mwaka 1948, zote zikiwa zimeongozwa na William Hanna na Joseph Barbera katika studio ya MGM, zikiwa zimepangwa kwa mfuatano wa kutolewa kwake na bila kukatwa hata kidogo. Kwa mtu aliyezizoea kwenye televisheni tu, jambo hilo linaweza kuonekana dogo, lakini katuni hizi zimepita mikononi mwa wakataji wengi. Katika miaka ya 1960, zilipokuwa zikiandaliwa kwa ajili ya kituo cha televisheni cha CBS nchini Marekani, baadhi ya matukio yalichorwa upya na sauti zikabadilishwa. Mikusanyiko ya DVD iliyotangulia, iliyoitwa Spotlight Collection na kutolewa kati ya mwaka 2004 na 2007, ilichanganya filamu bila mfuatano, ikaleta baadhi zikiwa zimepunguzwa au kutiwa sauti nyingine, na juzuu lake la tatu likaziacha filamu mbili nje kabisa. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na ndivyo wengi walivyolifungua kisanduku hiki kipya: walianza kwa kutafuta kilichoondolewa. Hawakukiona, na shukrani zao zikawa kubwa kuliko ambavyo kampuni yenyewe pengine ilitarajia.

Faida ya mfuatano huonekana mara moja. Katika filamu ya kwanza paka bado anaitwa Jasper, ana manyoya mengi yaliyochorwa mstari kwa mstari, uso wenye mikunjo, na mwendo wa paka halisi anayetembea kwa miguu minne. Kadiri miaka inavyosonga, mistari inapungua, nyusi zinakuwa nzito na zenye kusema mambo mengi, mwili unasimama wima, na mwendo wa filamu nzima unaongezeka kasi kiasi kwamba kichekesho kilichochukua nusu dakika mwaka 1940 kinamalizika kwa sekunde chache mwaka 1946. Mabadiliko hayo hayawezi kufuatiliwa pale filamu zinapotupwa ovyo kwenye diski. Hapa mtazamaji anaona wachoraji wakijifunza kazi yao mbele ya macho yake, na nadhani hii ndiyo sababu nzuri kuliko zote ya kuununua mkusanyiko huu, hata kwa mtu ambaye hajali sana ubora wa picha.

Ubora wa picha, hata hivyo, ndio uliojadiliwa zaidi, na hapa panahitaji maelezo. Negativu za asili, yaani filamu mama ambazo nakala hutolewa kwazo, za katuni nyingi za MGM za miaka hiyo ziliteketea kwa moto, kwani filamu za wakati ule zilitengenezwa kwa nitreti, kemikali inayoshika moto upesi na kuzimika kwa taabu. Kwa sababu hiyo warejeshaji, yaani mafundi wa kuzitengeneza upya filamu za zamani, walilazimika kutegemea nakala zilizotolewa kutoka katika negativu hizo kabla hazijapotea, na nakala haiwezi kuzidi ubora wa mama yake. Anayetarajia wangavu wa katuni iliyochorwa kwa kompyuta atasikitika. Anayejua nyenzo walizokuwa nazo atastaajabu.

Mfano mzuri ni The Cat Concerto ya mwaka 1947, ambamo Tom, akiwa amevaa koti jeusi la tamasha, anapiga Hungarian Rhapsody namba 2 ya mtunzi Liszt huku Jerry akiamshwa usingizini ndani ya piano. Katika kanda za zamani koti na piano vilikuwa doa moja la weusi, na mtu alilazimika kukisia mkono unaishia wapi. Katika Blu-ray hii weusi wa koti unatofautiana na weusi wa piano, mng'ao wa ubao unaonekana, na kila kidole cha Tom kinaanguka juu ya kibao chake kwa usahihi ambao wachoraji waliutolea jasho. Panya anapoweka mtego mahali pa vibao, na kidole kikaendelea kupiga kikiwa njiani kunaswa, unaona jicho la Tom likimfuata pembeni sekunde moja kabla ya maumivu. Mimi binafsi sikuwahi kuliona jicho hilo katika nakala nyingine yoyote, na kichekesho kizima kimejengwa juu yake.

Ubishi ulizuka kuhusu chembechembe, yaani punje ndogo zinazoonekana katika picha ya filamu. Baadhi ya wanunuzi walilalamika kwamba picha ina vumbi la filamu na kwamba ingefaa kusafishwa zaidi. Wengine, na mimi nipo upande wao, walishukuru kwamba haikusafishwa zaidi. Kuna programu ya kompyuta inayofuta mikwaruzo na vumbi kwa kulinganisha picha moja na inayofuata, ambayo ikikazwa kupita kiasi hushindwa kutofautisha mkwaruzo na mstari mwembamba wa wino uliochorwa na binadamu. Matokeo yake ni sharubu zinazotoweka mhusika anapokimbia, vidole vinavyokatika katikati, na kingo zinazopauka kila mwendo unapoongezeka kasi. Mashabiki waliokwisha kuona makosa ya namna hiyo katika mikusanyiko ya katuni nyingine walikuwa wakisimamisha picha moja moja kuyatafuta, na kwa sehemu kubwa walirudi mikono mitupu. Ubora haulingani kati ya filamu na filamu, hilo ni kweli. Zipo zenye rangi zilizofifia kidogo na zipo ambazo picha yake ni laini kuliko inavyopendeza, lakini mistari ya wachoraji imebaki mahali pake.

Lalamiko jingine lina uzito zaidi. MGM ilipokuwa ikizirudisha katuni hizi katika majumba ya sinema miaka kadhaa baada ya kutoka, ilikuwa na desturi ya kuzibandika vichwa vipya vya kufungulia na kuvitupa vile vya awali, na filamu nyingi katika mkusanyiko huu zinaanza kwa vichwa hivyo vya baadaye. Wapo waliosema kwamba urejeshaji usiorudisha vichwa vya asili haujakamilika. Ninawaelewa, kwa sababu kichwa cha filamu ni sehemu ya kazi na kinabeba majina ya watu walioifanya, lakini kumlaumu mrejeshaji kwa kitu kilichokatwa na studio yenyewe miongo mingi kabla yake ni kumbebesha mzigo wa mwingine.

Sauti haina mengi ya kusemwa isipokuwa kwamba imeachwa ilivyokuwa, ya mkondo mmoja, na kwamba muziki wa Scott Bradley umenufaika kuliko kitu kingine chochote. Ala ambazo zamani zilisikika kama kelele za nyuma sasa zinasikika moja moja, na yale mayowe maarufu ya Tom, ambayo ni sauti ya Hanna mwenyewe, yamebaki na ukali wake. Maelezo ya wanahistoria wa katuni yanayosikika juu ya baadhi ya filamu yanafaa kusikilizwa mara moja.

Linabaki suala ambalo mashabiki wengi walipenda kulipitia haraka. Katika filamu nyingi za mkusanyiko huu yumo mwanamke mweusi anayesimamia nyumba, ambaye kwa kawaida tunaona miguu na mikono yake tu, na ambaye sauti yake ilitolewa na mwigizaji Lillian Randolph. Wapo pia wahusika wanaopakwa weusi ili kuchekesha, kama katika The Milky Waif ya mwaka 1946, ambamo Jerry na mwenzake mdogo wanajipaka rangi ya viatu. Chama cha kutetea haki za Wamarekani weusi, NAACP, kilipinga taswira ya mwanamke huyo wakati katuni hizi zilipokuwa bado zikitengenezwa, na mwaka 1952 alionekana kwa mara ya mwisho. Warner iliamua kuonyesha yote na kutanguliza onyo la maandishi kwamba dhihaka hizo zilikuwa kosa wakati ule na ni kosa sasa. Naona uamuzi huo ulikuwa sahihi kwa bidhaa inayouzwa kwa watu wazima wanaokusanya historia. Kumchora upya mwanamke huyo, kama ilivyofanyika miaka ya 1960, kulimwondolea Randolph kazi yake bila kumrudishia mtu yeyote heshima.

Sasa tuje kwenye ugomvi. Juzuu la pili lilitangazwa kutoka mwezi Juni 2013, na orodha yake ilipojulikana mashabiki waligundua kwamba filamu mbili hazimo: Mouse Cleaning ya mwaka 1948 na Casanova Cat ya mwaka 1951, zile zile zilizoachwa katika Spotlight Collection. Katika ya kwanza, Tom anafunikwa na makaa na kutoka akiiga usemi wa mtu mweusi. Katika ya pili anampulizia Jerry moshi wa sigara hadi awe mweusi, kisha anamlazimisha kucheza juu ya chuma cha moto. Wanunuzi walijaza maoni ya hasira na alama za chini kwenye ukurasa wa kuuzia bidhaa ambayo hakuna aliyekuwa ameiona, na toleo likafutwa. Ilitokea kwamba Mouse Cleaning ndiyo filamu ya 38 katika mfuatano, yaani juzuu la kwanza lilikuwa limesimama hatua moja kabla ya mlango huo.

Hoja ya mashabiki ilikuwa na mantiki: kama The Milky Waif inaweza kuuzwa ikiwa na onyo, hakuna kanuni inayoeleza kwa nini Mouse Cleaning isiuzwe kwa onyo hilo hilo, na mkusanyiko uliojitambulisha kwa ukamilifu hauwezi kuuacha ukamilifu huo njiani. Kilichonikera katika baadhi ya malalamiko ni kule kudai kwamba vichekesho hivyo havina ubaya wowote na kwamba anayeumizwa navyo ni mwepesi mno wa kuudhika. Mtu anaweza kutaka filamu ihifadhiwe yote na papo hapo akakubali kwamba sekunde ishirini zake ni za aibu. Onyo la Warner lilikuwa limekwisha kuonyesha kwamba mambo hayo mawili yanaweza kukaa katika diski moja, na mashabiki waliolipigania juzuu la pili wangekuwa na hoja yenye nguvu zaidi kama wangelitaja onyo hilo.

Kwa anayefikiria kununua, Blu-ray inafaa kuliko DVD ikiwa runinga yake ni kubwa kiasi cha kuonyesha tofauti. Kwenye skrini ndogo DVD inatosha. Picha ina umbo la karibu mraba, kama ilivyotengenezwa, na isivutwe ili kujaza skrini pana. Watoto watazipenda filamu hizi kama watoto wa siku zote, lakini mzazi azitazame kwanza yeye mwenyewe, kwa kuwa onyo la maandishi halimfai mtoto asiyejua kusoma. Kati ya tuzo saba za Oscar walizopata Tom na Jerry, nne zimo humu: The Yankee Doodle Mouse, Mouse Trouble, Quiet Please! na The Cat Concerto. Anayezitaka The Little Orphan, The Two Mouseketeers na Johann Mouse atalazimika kuzitafuta kwingine.