TAHADHARI: Seti ya bagi (gari la rimoti la mashindano) "mpya, haijafunguliwa" inayotumwa kwa basi

Wakuu, naandika nikiwa na hasira za wiki tatu, kwa hiyo mnivumilie pale nitakapozidisha chumvi. Kuna muuzaji anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya magari ya rimoti, anauza seti za mashindano za kuunda mwenyewe. Wengine huziita kiti. Mimi nimeacha, maana mama mkwe alisikia nimenunua kiti cha milioni moja na laki mbili akauliza kama ni cha enzi.

Jina na namba hata nikiweka hazitawasaidia, anabadilisha kila mara. Kinachobaki ni mtindo wake.

Tangazo lilisema Kyosho Inferno MP10e, ile bagi ya umeme ya kukimbia kwenye vumbi na matuta, saizi ya 1/8 (moja ya nane ya gari halisi), jamaa yake alimletea kutoka Dubai, yeye akakosa muda wa kuiunda. Picha ilikuwa ya boksi juu ya kitambaa cha meza chenye maua ya bluu. Nikaomba video. Akatuma sekunde kumi na mbili hivi: mkono unafungua boksi, vifurushi vinaonekana, mkono unafunga. Nikaridhika. Nimeuziwa mbuzi kwenye gunia, na mdomo wa gunia nilifunguliwa nikachungulia mwenyewe!

Nusu ya hela nilituma kwanza, nusu baada ya kupata picha ya risiti ya basi. Jina lililotokea kwenye simu lilikuwa la mwanamke. "Ni la wife, hiyo ndiyo laini ya biashara." Haya. Mzigo ulifika kweli, nikauchukua stendi ya Mbezi, uzito wake sawa tu. Huyu hakimbii na hela yako kama matapeli tuliowazoea. Utapeli wake uko ndani ya vifurushi.

Nyumbani nikaanza. Seti mpya huja na vifurushi vyenye namba au herufi, midomo imezibwa kwa moto, unafungua kimoja kimoja kwa kufuata kitabu. Vyangu vitatu vilikuwa vimebanwa kwa pini za stepla. Nikajisemea labda ni watu wa forodha walikuwa wanakagua. Mtu akishalipa, anajitungia visingizio mwenyewe, hata tapeli hahitaji kumsaidia.

Halafu ikaja skrubu. Kwa ambao hamjawahi kuunda: plastiki ya seti mpya ina tundu tupu, halina nyuzi. Skrubu yenyewe ndiyo inayochonga nyuzi mara ya kwanza inapoingia, na kazi yake unaisikia kiganjani. Ukifunga gari zima kwa siku moja unalala mkono unauma. Wengine huipaka sabuni kidogo ili iteleze. Skrubu yangu ya kwanza, kwenye nyumba ya difu ya mbele (difu ni zile gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu), iliingia kwa vidole viwili kama kifuniko cha chupa ya maji. Nikaitoa, nikamulika tundu kwa tochi ya simu. Nyuzi zipo, zimelainika na kung'aa. Hiyo plastiki ilishafungwa na kufunguliwa mara nyingi na mtu mwingine.

Nikarudi kwenye kitabu cha maelekezo. Ukurasa wa difu una alama ya dole gumba la oili. Si langu.

Baada ya hapo kila nilichoshika kilikuwa kinasema. Ganda la juu, lile la plastiki angavu ambalo unalipaka rangi kwa ndani, likiwa jipya huwa na utando mwembamba kwa nje wa kulilinda na rangi. Langu halikuwa na utando, na limechubuka. Beringi nikizizungusha kwa kidole zinakwaruza kama zina mchanga. Kwenye meno ya gia ndogo za difu kuna uchafu wa kijivu uliokauka pembeni, na harufu ya petroli, maana zilioshwa haraka haraka. Na kilichonichekesha hata nikiwa na uchungu ni shokapu. Kwenye bagi ya 1/8 shokapu za nyuma ni ndefu kuliko za mbele. Zangu zote nne urefu mmoja!

Kwa maoni yangu hadithi ni hii: mtu ana gari lake la mashindano limechoka. Ananunua seti halali, anachomoa vipya anavifunga kwake, vilivyochakaa anaviosha, anavirudisha kwenye vifurushi, anabana stepla. Boksi halisi, kitabu halisi, chesisi huenda ndiyo hiyohiyo mpya. Wewe unamlipia matengenezo.

Ujinga wangu mwingine: niliifunga hivyohivyo, nikisubiri majibu yake. Kwenye difu niliweka oili ya silikoni ya 7,000 mbele, 7,000 katikati na 3,000 nyuma (namba ikiwa kubwa oili ni nzito zaidi), ambapo wengi huanzia. Jumapili mbili mfululizo gari likitoka kwenye tuta linavuta kushoto, kwenye kuingia kona limekufa, halikati. Nikabadilisha mlalo wa tairi, nikainua nyuma milimita mbili, nikagusa springi. Kumbe difu ya mbele ilikuwa inavujisha oili yote kwenye nyumba yake. Gari lenye vyuma vilivyokwisha haliseti, utazunguka nalo mpaka uichukie hobi yenyewe.

Kwa hiyo kama unanunua kwa mtu, omba video moja isiyokatwa, ionyeshe mdomo wa kila kifurushi kwa karibu, utando wa ganda, na shokapu za mbele na nyuma zikiwa zimelazwa pamoja. Ukikutana naye ana kwa ana, beba alenki yako ya kufungia skrubu, ingiza skrubu moja kwenye plastiki mbele yake. Ikiteleza, rudisha boksi. Na tangazo likisema "seti ya mashindano, rimoti na betri vimo ndani", achana nalo mapema: seti hizi huja bila mota, bila spidi kontrola (kifaa cha kuongoza kasi ya mota), bila sevo (kimota cha kugeuza tairi), betri wala rimoti, na mara nyingi hata tairi unanunua pembeni. Anayekuuzia vyote ndani ya boksi moja anauza gari lililokwisha fungwa kiwandani, ambalo si baya, ila bei yake si hii.

Nilipomwandikia alijibu mara moja tu: "Mzigo umeufungua mwenyewe bro, siwezi jua umefanya nini." Akaniblock. Meseji zake nimezituma 15040, namba ya kuripoti meseji za utapeli, polisi nimeandikisha maelezo na kuwapa risiti za miamala. Difu ya mbele, beringi za magurudumu na shokapu mbili za nyuma zimenigharimu laki nne na nusu mpaka sasa.

Jana usiku ndugu mmoja akaniletea tangazo kutoka grupu jingine, anauliza kama bei ni nzuri. Safari hii ni bagi ya kampuni ya Mugen, jina jipya, namba mpya, anasema yuko Moshi. Boksi limekaa juu ya kitambaa cha maua ya bluu.