Dawa za asili za magoti nilizomnunulia mama: mafuta ya makonyo yamebaki, glukosamini sinunui tena

Nianze na jibu kabisa kwa anayetafuta haraka. Kwa goti lililosagika la mtu mzima, vilivyobaki kwenye kabati la mama yangu mpaka leo ni mafuta ya makonyo ya Pemba, manjano ya jikoni na jeli ya duka la dawa, vingine vyote tumeviacha, na kuna kimoja hata ukipewa bure usikipokee, nitakifikia hapo chini.

Mama yupo Tanga, ana miaka sabini na kitu, magoti yote yanamsumbua ila la kulia ndo baya zaidi. Walimpiga eksirei wakasema gegedu, ile tabaka laini inayotenganisha mifupa kwenye kiungo, imelika upande wa ndani, kwa hiyo mfupa unakaribia kugusana na mfupa mwenzie. Mtaani tunaita ute umeisha, na kila muuza dawa ukimwambia hivyo atakujibu anayo ya kurudisha ute. Hapa naomba tuelewane mapema jamani, mpaka sasa hakuna mzizi wala kidonge wala mafuta yaliyothibitishwa kuotesha upya gegedu iliyokwisha, tunachonunua ni nafuu ya maumivu, basi. Ukiingia dukani unalijua hilo kichwani utaokoa hela nyingi sana.

Haya, makonyo. Ni vile vijiti vinavyobaki karafuu zikishachambuliwa, Pemba havitupwi, watu wanavikusanya wanauza na pale Wawi, Chake Chake, kipo kiwanda cha ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, kinachotoa mafuta yake kwa mvuke. Kinachofanya kazi humo ndani ni eugenoli, hiyo hiyo inayofanya karafuu itulize jino. Mi huwa nanunua Darajani nikivuka Unguja, na kuna mzee pale alinionyesha kitu ambacho kila mnunuzi anatakiwa akijue. Alichukua glasi ya maji, akafungua kichupa, akadondosha tone moja, likashuka taratibu mpaka chini likatulia kama shanga. Akaniambia, "Umeona mwanangu? Ukiyaona yanaelea basi ushatiwa ya kupikia hayo." Na ni kweli kabisa, mafuta ya karafuu na makonyo ni mazito kuliko maji, ya alizeti au ya nazi yanaelea. Toka siku hiyo kichupa chochote nakipima hivyo kabla sijalipa na muuzaji mkweli hawezi kukasirika.

Matumizi yake sasa, usiyapake makavu makavu, yanaunguza ngozi mpaka malengelenge. Sisi tunaweka matone kumi kwenye vijiko viwili vya mezani vya mafuta ya nazi, mama anajipaka jioni baada ya kukanda kwa maji ya moto, anasugua pembeni pembeni ya goti na nyuma kidogo. Anasikia joto, alafu sehemu inakuwa na ganzi kidogo, nafuu inampa masaa mawili matatu ya kutosha kupata usingizi. Kwa utafiti wa goti kwa watu sijaona mkubwa wa kutegemea, hapa nasimulia mguu wa mama tu. Ila kwa bei ya kichupa kinachokaa miezi, nayapa nyota 4 bila kusita. Msiyanywe, na fichieni watoto, kiasi kidogo tu akimeza mtoto ini linaweza kuharibika, sio maneno ya kutishana haya.

Manjano nayo naiheshimu ila watu wanaiongezea chumvi. Upo utafiti mzuri wa Thailand wa 2014, wagonjwa 367 wa magoti, wengine walipewa dondoo ya manjano miligramu 1,500 kwa siku na wengine ibuprofeni miligramu 1,200, wiki 4, maumivu yakapungua karibu sawa na wale wa manjano walilalamika tumbo kidogo kuliko wenzao. Watu wakisoma hapo wanakimbilia kukoroga kijiko kwenye chai wakisubiri miujiza. Sasa kumbuka ile ilikuwa dondoo iliyokolezwa, manjano ya kawaida ya unga ile kurkumini, yaani kiini chenyewe kinachofanya kazi, ni kama asilimia 3 tu ya uzito, na hata hiyo utumbo hauipendi, inapita tu. Ndo maana pilipili manga inasaidia, ule ukali wake unafanya mwili uinyonye zaidi, na mafuta pia yanasaidia. Kwa lugha nyingine mchuzi wa tui wenye manjano na pilipili manga, ambao mama anapika toka ujana wake, umekaa vizuri kuliko kijiko cha unga kwenye maji. Tunanunua vipande vikavu tunasaga wenyewe, maana unga uliosagwa huwezi kujua umetiwa nini, Bangladesh waliwahi kukutwa wanaitia rangi yenye madini ya risasi ili ing'ae. Nyota 3, inasaidia kidogo kidogo, haidhuru kwenye chakula. Vile vidonge vyenye dozi kubwa na pilipili manga ndani sitamnunulia, wapo watu walioumia ini navyo, na kama mgonjwa wako anatumia dawa ya kuzuia damu isigande, au ana mawe kwenye nyongo, muulize daktari kwanza.

Glukosamini na kondroitini, vile vidonge vya virutubisho vinavyouzwa kwa ajili ya viungo. Hapa nina la kusema kwa sababu hapa ndo hela yetu ilipotelea. Kopo karibu laki moja Dar, na muuzaji anakuambia usiache, tumia miezi 6 ndo utaona. Mama alimaliza makopo yake kwa uaminifu wote, asubuhi na jioni, goti liko vile vile. Nikaenda kutafuta, nikakuta kuna jaribio kubwa la Marekani, lililogharamiwa na serikali yao, majibu yakatoka 2006, watu 1,583 wenye magoti kama ya mama. Wakagawanywa makundi, glukosamini, kondroitini, zote mbili pamoja, dawa ya hospitali, na kundi la mwisho wakapewa kidonge kitupu kisicho na kitu. Baada ya miezi 6 waliopata nafuu kwenye kidonge kitupu ni asilimia 60, kwenye zote mbili pamoja asilimia 67 hivi, na wakipiga hesabu zao tofauti hiyo haitoshi kusema dawa imefanya kazi. Ebu ifikirie hiyo asilimia 60. Ndo maana kila mtaa una mtu anayeapa kwamba imemponya, hadanganyi, nafuu kaipata kweli, ila angeipata hata bila laki yake. Waliokuwa na maumivu makali zaidi walionekana kufaidika kiasi lakini lilikuwa kundi dogo, na mwongozo wa madaktari wa viungo wa Marekani wa 2019 unashauri kabisa isitumike kwa goti. Ulaya wapo wanaoitetea ile aina ya salfeti inayoandikwa na daktari, sawa, lakini hiyo siyo ninayoiona kwenye kaunta zetu. Na nyingi zinatengenezwa kwa maganda ya kamba na kaa, kwa hiyo mwenye mzio wa kamba aangalie. Nyota 1, kwa sababu tu haikumdhuru.

Sasa ile niliyosema msipokee. Jirani wa mama aliletewa vidonge kwenye kopo jeupe, lebo imechapwa kwa printa, imeandikwa mitishamba asilimia mia. Siku ya pili kasimama, kaenda sokoni kwa miguu yake mwenyewe, mtaa mzima ukataka namba ya muuzaji, mama akiwemo. Nikamwambia mama subiri kwanza, mizizi gani hiyo inamaliza maumivu ya miaka usiku mmoja? Wiki kadhaa baadae uso wa yule bibi ukajaa ukawa mviringo, sukari na presha zikapanda ambazo hakuwa nazo, alipoacha ghafla akawa hoi hata kunyanyuka kitandani ni kazi. Daktari alipomwona tu akasema hizi ni dalili za steroidi, dawa kali za hospitali za kushusha uvimbe. Na hii haipo kwetu peke yetu, mwaka 2022 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilitoa onyo zaidi ya mara moja kuhusu vidonge vinavyoitwa Artri King, nje vimeandikwa mmea wa ortiga na omega 3, maabara wakakuta ndani diklofenaki, dawa ya maumivu, na deksamethasoni, ambayo ndo steroidi yenyewe, ambazo hazikuandikwa popote, na watu walishaumia maini na kufa. Deksamethasoni ukiimeza muda mrefu mwili unaacha kutengeneza homoni yake yenyewe, ndo maana kuacha ghafla ni hatari kama kuendelea, inabidi daktari aishushe pole pole. Kwa hiyo kama nyumbani kwenu kuna mtu anakula kitu cha namna hii saa hizi, msimnyang'anye kopo, mpelekeni hospitali na kopo lenyewe mkononi.

Jamani hili linaniuma kweli, wazee wetu wanaumia mpaka wanakubali chochote, na mtu anajua hivyo anawatilia steroidi kwenye unga wa majani anawauzia. Dawa ya asili ya kweli ya viungo inafanya kazi taratibu na kwa kiasi. Inayofanya kazi usiku mmoja ndo ya kuogopa. Muulize muuzaji imesajiliwa wapi, Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala lipo, TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, wapo, akianza kukupiga siasa ondoka.

Vitu vingine kwa haraka. Tangawizi tunakunywa kwa sababu ni tamu, kwenye goti sijaona cha kusimulia. Mafuta ya samaki yana faida kidogo kwa wenye baridi yabisi, yale magoti ya kusagika siyo sana, na kwa watu wa pwani vibua vina mafuta hayo hayo kwa bei ya kueleweka. Kukanda maji ya moto na chumvi, fanyeni, kunapumzisha, kazi kubwa ni ya moto siyo chumvi. Jeli ya diklofenaki ya kupaka siyo ya asili najua, ila ushahidi wake kwa goti ni mzuri kuliko vyote nilivyovitaja na haisumbui tumbo kama vidonge, siku goti likivimba ndo tunaitoa, na siku hiyo makonyo yanapumzika.

Na kitu kilichomsaidia mama kuliko chupa yoyote ni bure. Mtaalamu wa fiziotherapia alimfundisha akae kwenye kiti, anyooshe mguu mmoja mbele, akaze paja, ahesabu mpaka kumi, ashushe, arudie, kila siku baada ya alasiri. Paja likipata nguvu linabeba goti. Alafu bakora, alikuwa anaishika upande wa goti bovu kama wengi wanavyofanya, akaambiwa ishike mkono wa upande mwingine, siku hiyo hiyo akatembea tofauti. Na uzito, kila kilo moja unayopunguza goti linapunguziwa kama kilo 4 kwa kila hatua. Amepunguza chapati za usiku, kapungua kiasi, sasa anashuka ngazi za barazani bila kushikwa. Kukaa juu ya mbuzi kukuna nazi bado hawezi, na rukuu na sijda anafanyia kwenye kiti, hilo tumelikubali.

Haya yote ni ya goti la kuzeeka, lile linalokaza asubuhi dakika chache alafu linaachia. Kama mgonjwa wako anakaza zaidi ya saa nzima kila asubuhi, vidole vya mikono yote miwili vimevimba, ana uchovu na homa za hapa na pale, hiyo inaweza kuwa baridi yabisi na makonyo hayataizuia isile viungo, kuna dawa za hospitali zinazoizuia na zinafaa zaidi zikianzwa mapema. Kidole gumba cha mguu kikivimba ghafla usiku kikawa chekundu hakigusiki hata na shuka, waambie wampime jongo. Kwenye hayo mawili msipoteze hata wiki moja dukani kwa mtu wa mizizi.