Kupima virusi mgonjwa akiwa kwenye dawa, au akiwa amezisimamisha?

Chanjo ya tiba hupewa mtu ambaye tayari anaishi na VVU, ili kinga yake ijifunze kuvibana virusi bila vidonge. Utajuaje kama imefanya kazi?

Njia ya kwanza: aendelee na ARV na kupimwa wingi wa virusi kama kawaida. Ni salama. Lakini anayemeza dawa vizuri huwa tayari yuko chini ya nakala 50 za virusi kwa mililita ya damu. Chanjo iwe kali au butu, jibu la maabara ni lilelile. Hata kuhesabu DNA ya virusi iliyojificha ndani ya seli hakutoshi, maana sehemu kubwa ya DNA hiyo ni mbovu, haiwezi kuzalisha virusi vipya.

Njia ya pili: dawa zisimamishwe kwa muda, damu ipimwe mara kwa mara. Kwa wengi virusi huibuka tena ndani ya wiki chache. Hapo hutazamwa vimechelewa kiasi gani, vimepanda hadi wapi, na vimetulia kwenye kiwango gani. Jaribio la chanjo ya tiba la Barcelona, AELIX-002, lilifuata njia hii.

Hofu yangu ni kwa watu wenyewe. Utafiti wa SMART, mwaka 2006, ulionyesha kuwa kukatizwa dawa kwa muda mrefu kuliongeza magonjwa na vifo. Tena, virusi vikipanda, mwenza naye yuko hatarini. Bado naiona ya pili ndiyo inayojibu swali, mradi mwenza apewe PrEP, dawa ya kujikinga na VVU, na kiwango cha virusi cha kurudishia dawa kiwekwe kabla ya siku ya kwanza.